Kuilinda familia ya mgombea wakati wa kampeni: mwongozo kamili kwa watu wa Mwanza na kando ya Ziwa

Simu huwa inaingia usiku, saa tatu au saa nne, na maneno ni yaleyale: "Picha ya mtoto iko kwenye magrupu, tufanyeje?" Nimeipokea kutoka Ilemela, nimeipokea kutoka Sengerema. Niliipokea pia kutoka kwa mgombea udiwani wa kata moja ya mjini, ambaye getini aliweka walinzi wawili lakini simu ya mkewe haikuwa hata na nywila. Wengi wao nilishawapa maelekezo mafupi, wakayafuata nusunusu, wakakwama palepale. Ndiyo maana leo naandika yote, hatua kwa hatua.

Wanakwama kwa sababu macho yao yako kwa mpinzani, wakati picha imetoka kwenye simu ya shangazi. Kila jambo la namna hii nililolifuatilia hadi chanzo chake, nilikuta mlango wa kwanza ulifunguliwa na mtu wa ukoo, na mara nyingi aliufungua kwa upendo. Kwa hiyo kazi inaanzia nyumbani, tena kabla ya kuchukua fomu.

Mwongozo huu ni wa mgombea udiwani au ubunge, mwenza wake, na yule ndugu mmoja atakayeibeba kazi hii. Kama wewe ni mtia nia, anza sasa, maana ukishapitishwa hutapata nafasi. Mwaka 2025 kampeni za Bara zilianza 28 Agosti zikaisha 28 Oktoba. Hizo ni siku 62, na kura za maoni ndani ya vyama zilishapita kabla yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi. Usiandike haya kwenye simu, kwa sababu simu ya mgombea hushikwa na watu wengi.
- Ndugu mmoja mtulivu, asiyegombea na asiye meneja wa kampeni. Humu nitamwita mlinzi wa familia. Dada mkubwa au binamu anafaa.
- Laini mpya ya kampeni na simu yake. Kitochi kinatosha kwa kupokea simu.
- Orodha ya magrupu yote ya WhatsApp ambayo ndugu wamo: ya ukoo, ya wazazi wa shule, ya kwaya, ya vikoba, ya mtaa.
- Chumba cha ofisi nje ya nyumba, hata kama ni fremu ya duka.
- Namba hizi, ziandikwe ukutani jikoni: 112 ya polisi kwa dharura, 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na 15040 ya kuripoti namba za matapeli.
- Wiki tatu. Ukijaribu kuyafanya haya kwa siku mbili utarukaruka, na utakaporuka ndipo patakapovuja.

## Hatua ya 1: Tenganisha faragha na maswali halali

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika mambo ya familia ambayo mwananchi ana haki ya kuyauliza. Upande wa pili andika yasiyomhusu.

Upande wa kwanza usiuogope. Kama mkeo ana kampuni inayouza vifaa kwa halmashauri, hilo ni swali la jukwaani. Kama mumeo ana kiwanja kwenye eneo lililotengwa kwa ajili ya soko, nalo ni la jukwaani. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi, diwani na mbunge wakiwemo, atamke mali na madeni yake pamoja na ya mwenza wake na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Ukishinda utayaandika hayo kwenye fomu, kwa hiyo jiandae kuyajibu mapema.

Upande wa pili ni ugonjwa wa mama, ndoa ya dada iliyovunjika, matokeo ya mtihani ya mtoto, nani anasali wapi, nani anatumia dawa gani. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Mkwe wa mgombea naye ni "kila mtu". Hali ya VVU ya mtu ina ulinzi wake wa ziada katika sheria ya mwaka 2008 inayohusu VVU na UKIMWI.

Kwa nini tunaanzia hapa? Kwa sababu mgombea anayeficha zabuni ya mkewe kwa kisingizio cha faragha, siku akisema "mwacheni mtoto wangu" hakuna atakayemsikiliza.

Kuna jambo moja la upande wa pili linaloniuma kila uchaguzi: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mtoto huyo hana kosa lolote, na ndiye anayeumizwa kuliko wote. Kama yupo, mwambie mwenza wako kabla ya kuchukua fomu. Kisha mjulishe mama wa mtoto kwamba unagombea, kwa kuwa nyumba yake nayo itafuatwa na anastahili kujua mapema. Mlinzi wa familia awe na namba yake. Kila nitakachoeleza kuhusu watoto hapa chini kinamhusu na mtoto huyo, sawasawa na ndugu zake.

Utajua umefanikiwa pale ambapo mgombea na mwenza wake, kila mmoja akiulizwa peke yake, wanaliweka jambo lilelile upande uleule wa mstari.

## Hatua ya 2: Kaa kikao cha familia

Jumapili mchana, watu wakishakula. Simu zote ziwekwe kwenye beseni, beseni lipelekwe chumba kingine. Wanaohitajika ni mwenza, watoto kuanzia miaka saba, wazazi, ndugu wa tumbo moja, dada wa kazi, na kijana wa dukani kama yupo. Yule shemeji ambaye kila mtu anasema asiitwe kwa sababu ya mdomo wake, mwite yeye kwanza. Akiachwa nje atatafuta habari kwa njia nyingine, na atakuwa na kinyongo.

Mgombea aeleze kwa maneno ya kawaida: nagombea nini, kwa muda gani, na nini kinaweza kuwapata. Asipunguze makali. Aseme wazi kwamba kuna watu watawapigia, watawaomba urafiki Facebook, watakuja na zawadi.

Kisha aulize kila mmoja: wewe unakubali kuonekana, au hutaki? Asubiri jibu.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo Nyegezi. Binti wa kidato cha pili aliinua mkono kama yuko darasani, akauliza, "Nikikataa picha, baba atakosa kura?" Sebule nzima ikanyamaza. Baba yake alikuwa ameshapeleka kwa mchapaji bango la familia nzima, watoto watatu mbele, yeye na mama yao nyuma. Aliinuka, akaenda kwenye beseni kuchukua simu yake, akatoka nje. Tulimsikia kupitia dirishani akimwambia mchapaji asimamishe kazi, kwenye bango abaki yeye peke yake. Alilipa mara mbili. Binti hakusema neno, ila alisogea akakaa karibu na bibi yake, na kikao kikaendelea kwa utulivu ambao haukuwepo mwanzo.

Onyo: mtoto anayesema "sawa" huku anatazama sakafu, hesabu kwamba amekataa.

Baada ya kikao, ujumbe huu uende kwenye grupu la ukoo. Ubadilishe upendavyo, lakini uwe mfupi:

*"Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Kama mlivyosikia, ndugu yetu anagombea. Kuanzia leo hadi wiki moja baada ya matokeo, tunaomba yeyote asiweke picha ya mtoto wa familia mtandaoni, hata kwenye stetasi, hata kama ni siku yake ya kuzaliwa. Ukipigiwa na mtu usiyemjua akaulizia habari za nyumbani, usimjibu wala usigombane naye, mpe namba ya dada mkubwa. Grupu hili ni la misiba, sherehe na salamu. Habari za kampeni zina grupu lake."*

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Grupu la ukoo likishachanganywa na kampeni, ataingizwa mpambe mmoja, kisha wa pili, na mwezi mmoja baadaye kuna watu kumi humo ambao hakuna shangazi anayewajua.

## Hatua ya 3: Amua nani anaonekana, kisha usibadilishe

Watoto walio chini ya miaka 18 wasitumike: wasiwe kwenye bango, wasiwe jukwaani, wasiwe kwenye video ya kuomba kura. Najua mabingwa wa kampeni watakwambia picha ya familia inaonyesha utulivu. Inaonyesha, na pia inamfundisha kila mtu wa jimbo sura ya mtoto wako. Zaidi ya hapo, ukimpandisha wewe mwenyewe jukwaani viwanja vya Furahisha, kesho utashindwa kumwambia mtu mwingine asimtaje.

Mwenza anaweza kupanda jukwaani kama ametaka. Akipanda, azungumzie anachokijua: kazi yake, mtaa wake, kwa nini anamuunga mkono mwenzake. Asielezee maisha ya chumbani, na asijibu uvumi.

Mgombea mwanamke ana mzigo wa ziada, na tuuseme wazi. Ataulizwa ameolewa na nani, kwa nini hajaolewa, nani anabaki na watoto, mumewe ni mwanaume wa namna gani anayeruhusu mkewe arudi usiku. Mwanaume anayegombea haulizwi nani anampikia. Andaa jibu moja, lile lile kila siku: "Nyumbani kwangu kuko salama, asante kwa kuuliza. Nimekuja kuzungumzia maji ya mtaa huu." Kisha uendelee na maji. Anayetoa maelezo marefu leo ataulizwa marefu zaidi kesho. Mume naye aandaliwe, kwa kuwa vijiweni atachokozwa yeye.

Kuna jambo dogo ambalo wachache hulifanya, nami nalisisitiza: mpigie mpinzani wako. Mwambie, "Mimi sitagusa watoto wako, naomba nawe usiguse wangu, na tuwaambie vijana wetu." Hata akikujibu kwa baridi, umeshaweka neno.

## Hatua ya 4: Safisha picha zilizokwisha kutoka

Hapa Mwanza tuna tatizo ambalo mwongozo ulioandikwa kwa mji mwingine hauwezi kulijua: mawe.

Picha moja nitaisimulia kama nilivyoiona. Msichana wa miaka tisa amevaa sare ya shule, ameshika cheti, anacheka, jino moja la mbele halipo. Nyuma yake ukuta wa rangi ya maziwa. Juu ya ukuta, jiwe kubwa limekaa juu ya jiwe jingine kama mtu aliyelala begani kwa mwenzake, na pembeni tangi jeusi la maji. Mama yake mdogo aliiweka Facebook miaka miwili kabla ya uchaguzi, akaandika hongera mwanangu. Ilipoingia kwenye grupu la siasa mtu aliuliza, "Huyu anakaa wapi?" Haikupita muda akajibiwa na mtu wa Mabatini, akataja mtaa na upande wa kupandia mlimani. Hakuna aliyedukua kitu. Alilitambua jiwe.

Kwa hiyo mlinzi wa familia akae na simu ya kila ndugu, mmoja mmoja, apitie picha akitafuta vitu hivi: sare na beji ya shule, geti, jiwe, namba ya gari au ya pikipiki, bango la duka la jirani, na ziwa linavyoonekana dirishani. Ukiona Kisiwa cha Saa Nane kupitia dirisha la mtu, umeshajua yuko upande gani wa mji.

Kwenye Facebook kuna mpangilio unaorudisha machapisho yote ya zamani yaonekane na marafiki pekee. Utumie. Ficha orodha ya marafiki, maana ndiyo ramani ya ukoo wenu. Washa ukaguzi wa tagi, ili mtu akikutaja kwenye picha isionekane kwako hadi uikubali. Akaunti za watoto za TikTok na Instagram ziwekwe kuwa za binafsi, na orodha ya wanaowafuata ipitiwe pamoja na mtoto mwenyewe. Anajua nani ni rafiki wa kweli kuliko unavyojua wewe.

Onyo la kwanza: usifute akaunti nzima ya mgombea kwa siku moja. Watu wataona, na watauliza anaficha nini. Ondoa picha za watoto, acha kazi zako za umma zilivyo.

Onyo la pili: usifute lolote la upande wa kwanza wa daftari lako.

Kupima kama kazi imekamilika, mpe simu kijana mjanja asiye wa familia, mwambie una nusu saa kutafuta sura ya mtoto wa mgombea na shule anayosoma. Akirudi mikono mitupu, songa mbele. Akirudi na kitu, atakuonyesha na njia aliyopitia.

## Hatua ya 5: Funga simu za nyumbani

Anza na namba. Watu wengi hawajui kwamba namba peke yake inatoa jina kamili: anayeitaka huanza kukutumia pesa kwa simu, jina lako linatokea ili athibitishe, analisoma, anaghairi. Kwa hiyo namba ya mama na ya watoto isiandikwe popote kwenye kampeni. Fomu za uteuzi hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aweke, na zitapigwa picha siku hiyohiyo. Panapotakiwa namba ya simu, weka ya kampeni. Ondoa namba za familia pia kwenye Truecaller, ile programu inayoonyesha jina la mwenye namba.

Piga *106# kwa kila ndugu mwenye kitambulisho cha NIDA, uangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Ukikuta laini usiyoitambua, nendeni kwa mtoa huduma mkaifute. Laini ngeni iliyosajiliwa kwa jina la mke wa mgombea si kitu cha kuachwa hadi kampeni zianze.

Kisha WhatsApp, kwenye kila simu: weka uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita. Picha ya wasifu ionekane na watu uliowahifadhi tu. Zuia kuongezwa kwenye magrupu na watu usiowajua. Halafu fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na hapa usiharakishe. Uvujaji mbaya kuliko wote niliowahi kuushughulikia ulitokana na mpambe aliyeazimwa simu ya mke wa mgombea "atume picha za mkutano haraka". Aliiunganisha na kompyuta ya ofisi ya kampeni, akasahau kuitoa. Kwa wiki mbili kila aliyekaa kwenye kompyuta ile alisoma mazungumzo ya mama na daktari wake.

Baada ya hapo sheria ya nyumba ni moja: simu ya familia haiazimwi.

## Hatua ya 6: Shule, bibi, dada wa kazi, bodaboda

Nenda shuleni mwenyewe, usitume mtu. Mweleze mwalimu mkuu kwamba unagombea, umwombe mtoto asiwekwe kwenye picha za shule kwa miezi hiyo, asihojiwe na mgeni yeyote, na asichukuliwe na mtu nje ya majina matatu utakayoyaandika. Acha barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mpe mtoto neno la siri la nyumbani, kwa mfano "michembe": anayekuja kumchukua bila kulijua, asiende naye, hata kama anamjua kwa sura. Bodaboda wa kila siku aelezwe hivyohivyo.

Sasa bibi. Bibi mmoja wa Ukerewe alitembelewa na vijana wawili wenye adabu, sukari kilo mbili na kitenge. Walimwamkia vizuri, wakakaa chini kwenye mkeka, wakaomba awasimulie utoto wa mjukuu wake anayegombea. Akawasimulia yote, mpaka jinsi alivyokuwa akianguka kifafa akiwa mdogo na jinsi alivyombeba mgongoni kwenda kumtafutia dawa. Alikuwa anamsifia mtoto aliyepona akasoma. Sauti yake ilirekodiwa, ikakatwa, kikabaki kipande cha kifafa peke yake, kikazunguka magrupu ya jimbo zima. Nilipofika kwake aliniuliza jambo moja tu: "Nimemharibia?"

Usimwambie bibi anyamaze, utakuwa umemvunjia heshima. Mpe la kusema: "Karibuni chai, wanangu. Habari za mjukuu wangu muulizeni mwenyewe." Mjukuu mmoja mkubwa akakae naye kijijini wakati wa kampeni. Na mgombea mwenyewe ampigie kila baada ya siku chache, kwa sababu bibi anayesikia habari za mjukuu kutoka kwa wageni ndiye anayewakaribisha wageni.

Dada wa kazi alipwe kwa wakati, na aelezwe mambo kama mtu mzima. Anajua nani amelala wapi na nani anameza vidonge gani. Kumbuka pia kwamba yeye naye ana faragha yake. Usimwonyeshe kwenye picha za "familia yetu" bila kumuuliza.

## Hatua ya 7: Toa kampeni nyumbani

Mikutano ya kampeni ina muda wake, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ikifika saa 12 na dakika tano, watu wote huhamia sebuleni kwa mgombea. Hapo ndipo mtoto anapigwa picha akila, na ndipo mtu anapoomba chooni akapita mbele ya chumba cha mama mgonjwa.

Kodi fremu Igoma, Buhongwa, popote palipo karibu na wapiga kura wako. Chai, hesabu na ugomvi viishie huko. Nyumbani aingie mtu ambaye angeingia hata kama hugombei.

## Hatua ya 8: Imeshavuja. Saa 24 za kwanza

Fuata mpangilio huu. Wengi huanza na tamko, wakati tamko linakuja karibu na mwisho.

Kwanza, mtu mwenyewe. Aliyetajwa aambiwe na mzazi wake, uso kwa uso, kabla hajaonyeshwa na mwenzake shuleni. Mwambie kilichosemwa, mwambie si kosa lake, muulize anataka nini. Kesho yake kama hataki kwenda shule, asiende.

Pili, ushahidi. Mlinzi wa familia apige skrinishoti zenye jina la grupu, namba ya aliyetuma, tarehe na saa. Kama ni chapisho, anakili kiungo chake. Ujumbe wenyewe usifutwe kwenye simu iliyoupokea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini utaulizwa ulitoka wapi na ulitunzwaje. Andika kwenye daftari nani aliupokea, saa ngapi.

Tatu, uondolewe. Mwandikie msimamizi wa grupu kwa upole na kwa maandishi: "Ndugu, picha hii ni ya mtoto wa miaka tisa. Naomba uiondoe na umwombe aliyeileta asiirudie." Wengi huiondoa. Kisha ripoti kwenye mtandao wenyewe. Kama ni picha ya utupu, ya kweli au iliyotengenezwa kwa akili mnemba, usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa wakili. Aliyefikisha miaka 18 atumie StopNCII.org, picha haitoki kwenye simu yake, kinachotengenezwa ni alama tu ambayo mitandao inayoshirikiana hutumia kuizuia. Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna Take It Down, inayofanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Nne, taarifa rasmi. Nenda polisi, upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Kama ni mtoto, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Taja sheria kwa majina: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Mtoto ya 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Hii ya mwisho inaziweka taarifa za watoto na za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na malalamiko yake hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiona taarifa imetoka kwenye faili la hospitali au la shule, peleka huko.

Tano, tamko. Moja, fupi, la mgombea mwenyewe. Lisirudie kilichosemwa, kwa sababu ambaye hakukisikia atakisikia kwako. Mfano:

*"Kuna habari za mtoto wangu zinasambazwa. Yeye hagombei. Suala hili liko polisi na sitalizungumzia tena. Aliye na swali juu yangu, kesho saa nne niko Kirumba, aje aniulize."*

Kisha kweli usilizungumzie tena. Hata mtangazaji akikubana.

Mambo matatu ya kukataa. Usilipe anayetaka pesa ili asisambaze. Ukilipa atarudi wiki ijayo, basi hifadhi ujumbe wake uwe ushahidi. Usiwatume vijana wa chama wamfuate msambazaji kwake. Hapo wewe ndiye utakayekuwa mshitakiwa. Na usimguse mtoto wa mpinzani. Wapo watakaokuletea picha zake usiku huohuo, tayari, wakidhani wanakusaidia. Zifute mbele yao, na anayeleta ya pili aondoke kwenye timu. Nimesema haya kwa wagombea waliokuwa wanatetemeka kwa hasira, na ninayasema tena hapa.

## Hatua ya 9: Wiki moja baada ya matokeo

Umeshinda au umeshindwa, kazi hii ina mwisho wake na lazima uufunge.

Vunja magrupu ya kampeni. Badilisha nywila zote zilizoguswa na wapambe, na upitie tena vifaa vilivyounganishwa kwenye kila simu. Laini ya kampeni ibaki kwako, isiachwe mikononi mwa kijana aliyekuwa anaipokea. Rudi shuleni kumshukuru mwalimu mkuu na kumweleza kama utaratibu unaendelea. Mpelekee bibi mjukuu wake, naye akae kutwa nzima.

Halafu zunguka na ngazi na maji. Kama kuna bango hata moja lenye sura ya mwenza au ndugu yako, libandue mwenyewe kabla mvua za vuli hazijalilowanisha likabaki vipande, jicho ukutani Mkolani na mdomo kwenye nguzo ya Buzuruga.